Mbega Aliponyamaza

Kaeni, wapendwa. Hata ninyi mnaosimama karibu na mlango ili muwahi kutoka, kaeni. Jogoo wa mnada wa baada ya ibada nimemsikia huko nje, na yeye amenisikia. Atasubiri.

Nina swali moja kabla sijaendelea. Nani kati yenu amesikia mbega alfajiri ya leo? Nyosheni mikono. Naona karibu kanisa zima. Haya, shusheni. Na nani kati yenu alipomsikia alikaa kitandani akasema, "Leo mbega amenguruma, kumbe yupo"? Hakuna. Hata Mzee Anaeli, ambaye haachi kitu kipite bila kukisemea. Ndivyo tulivyo. Sauti tuliyoizoea inatupita masikioni, na tunaanza kuisikia siku inaponyamaza.

Basi nina mfano. Nasema mapema kwamba nimeutunga mwenyewe, wiki hii, nikipanda njia ya msituni. Asije mtu kunishika mkono pale nje akaniuliza mama huyo ni wa kijiji gani, shemeji huyo ni wa ukoo gani. Sio wa ukoo wowote. Nimewatunga.

Kulikuwa na mama mmoja. Kihamba chake, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kilikuwa cha juu kabisa, ukivuka migomba yake ya mwisho unaingia msituni. Kwenye mkuyu mkubwa ulioegemea kihamba hicho waliishi mbega, kundi moja, miaka na miaka. Lilikuwa na dume mmoja mzee, mwenye mkia mweupe mzito kama shali ya bibi harusi, na majike kadhaa, na vijana, na kitoto kimoja kilichokuwa bado cheupe chote, maana mbega huzaliwa mweupe, weusi anaupata baadaye.

Mnajua desturi yao. Alfajiri, kabla jua halijatoka, dume ananguruma. Hangurumi kwa hasira. Ananguruma kwa kuwa kumekucha. Akimaliza, anajibu dume wa kundi la pili, ng'ambo ya korongo. Akimaliza huyo, anajibu wa tatu, kule juu zaidi. Sauti inatembea mlima mzima, kisha wote wananyamaza, kila kundi linakula majani yake. Kila mmoja ameshajua jirani yuko wapi na anaishia wapi. Mmeshawahi kuona mbega amejenga ukuta? Amepanda mimea ya masale mpakani? Mpaka wake ni ile sauti. Kila asubuhi anauweka upya.

Sasa mama huyu alikuwa na mume, na mwaka mmoja, msimu wa kuchuma kahawa, mume akafa. Wakamzika kihambani, kama ilivyo desturi, katikati ya migomba, mahali ambapo watoto wake wakija kutoka popote duniani wataoneshwa na kuambiwa, "Kwenu ni hapa." Kaka wa marehemu, ambaye kihamba chake kilipakana na hicho, ndiye aliyesimamia mazishi. Alilia kuliko wote, na msicheke, alilia kweli. Alimpenda mdogo wake. Mimi sitaki mumchukie shemeji huyu mapema. Mkimchukia mapema hamtajiona ndani yake.

Ikawa katika msimu huohuo, kule juu ya mkuyu, dume mzee naye akatoweka. Ni chui, ni tai, ni uzee tu, hakuna aliyejua. Alfajiri ikafika, ng'ambo ya korongo wakanguruma, wakangoja jibu. Halikuja. Kesho yake vilevile.

Mama yule alikuwa akipanda juu kila siku kukata majani ya ng'ombe, kwa hiyo aliyaona yote. Aliwaona mbega wa ng'ambo wakivuka korongo. Siku ya kwanza walikaa kwenye mti wa ukingoni, wakala kidogo, wakarudi. Siku nyingine wakasogea mti mmoja mbele, hawakurudi. Hakuna aliyemng'ata mwenzake. Walikuwa wanaingia tu mahali palipokuwa kimya.

Na vijana wa kundi lile, madume wadogo wawili? Badala ya kunguruma, walianza kugombea tawi alilokuwa akikalia mzee. Huyu anamsukuma yule, yule anamvuta huyu mkia, asubuhi mpaka jioni. Walipochoka kugombana wakaondoka, mmoja huku, mwingine kule. Tawi likabaki wazi. Mnatazamana kwa nini? Nazungumza habari za mbega.

Wakabaki majike na kile kitoto cheupe, wamesogezwa mpaka kwenye miti ya juu yenye majani magumu. Mkuyu wao wakawa wanautazama kwa mbali.

Tushuke sasa kihambani. Mpaka kati ya mama na shemeji yake ulikuwa masale, kama mipaka yetu yote. Na ninyi mnalijua isale. Ukilikata shina ukalichomeka ardhini, linashika. Mvua zikipita juu yake hakuna mtu anayeweza kusema hili ni la babu na hili ni la juzi. Shemeji akaona isale moja limekauka. Akakata jingine akapanda. Alipolipanda, mkono ukaenda mbele kidogo. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akasema, "Leo ngoja nimdhulumu mjane." Anaamka anasema, "Hili limekauka, nipande jingine." Na lile la pembeni yake likawa limekaa kombo, lazima lifuate mstari. Mwisho wa mvua za masika, ukanda wote wa kando ya mfereji, wenye majani ya ng'ombe na magimbi, ulikuwa upande wa shemeji.

Na kisa cha ng'ombe mnakijua. Bila ukanda ule hana majani ya karibu. Bila majani hakuna maziwa ya watoto, wala mbolea ya migomba. Kihamba kinaanza kufa kwa chini, polepole, huku mtu anakiona cha kijani.

Mama alivumilia. Mpaka asubuhi moja alipokwenda kufagia kaburi la mume wake akakuta isale limepandwa pale pale penye kichwa cha kaburi. Bado kidogo mume wake angekuwa amezikwa shambani kwa mtu mwingine. Akaangusha ufagio, akaenda kwa shemeji.

"Shemeji, naona masale yamesogea."

"Masale hayana miguu, shemeji."

"Kaburi la ndugu yako sasa liko ukingoni."

"Lipo pazuri," akasema yule bwana, na hakusema kwa ukali. "Liko karibu na kaka yake. Wewe tulia, lea watoto. Kihamba kisicho na mwanaume lazima kiangaliwe na mtu."

Akarudi. Njiani akamkuta jirani yake, mama mwenzake, anachota maji mferejini. Akamweleza. Jirani akatazama kulia, akatazama kushoto, akamwambia, "Nyamaza, mwenzangu. Ukipayuka watasema mume kaondoka na adabu yako. Mwachie Mungu."

Mwachie Mungu. Neno zuri hilo, na mimi nalihubiri. Lakini nimechunguza nikaona tunalitumia zaidi pale tusipotaka kusumbuka. Anayemwambia mwenzake mwachie Mungu, mara nyingi ana ndoo yake imejaa, anataka kwenda zake.

Mama akanyamaza. Alfajiri zake zikawa kimya chini, na juu msituni kimya.

Siku moja yuko juu na mundu wake, akaona mbega mgeni. Dume, peke yake, amekonda, sikio moja limechanika, sijui alifukuzwa wapi. Alikaa mti wa mbali akiwatazama wale majike. Yule mwenye kitoto akakipakata akahamia tawi la nyuma kabisa, kwa sababu majike wa mbega wanajua kwamba dume mgeni si mwema kwa mtoto asiye wake. Mgeni hakuwafuata. Siku ya pili alisogea kidogo, akala majani, akalala. Ikapita muda hivyo, yeye huku, wao kule. Kisha jike mmoja mzee akamwendea akaanza kumchambua manyoya mgongoni, na wale wengine wakalegea, ila yule mwenye kitoto, ambaye alikuja wa mwisho, kwa mashaka. Hata leo sidhani kama amemaliza kumchunguza.

Kisha alfajiri moja yule mgeni akanguruma. Mama alikuwa jikoni anawasha moto. Anasema ilikuwa sauti mbovu, ya kukwaruza, kama mtu anayeanza kuimba baada ya homa. Lakini ilikuwa inatoka penye mkuyu. Ng'ambo kukawa kimya kwanza. Halafu wakajibu. Halafu wa kule juu wakajibu, na sauti ikatembea mlima mzima kama zamani. Kesho yake hivyo, na kesho kutwa. Wale wa ng'ambo, waliokuwa wameshajizoesha mkuyu wa watu, wakaanza kurudi, mti mmoja mmoja, kwa njia ileile waliyojia. Mama alisimama akiwatazama, majani ya ng'ombe ameyasahau chini. Hakuona hata mmoja akipigwa.

Akasema moyoni, "Kumbe hawakuja kwa sababu wana nguvu. Walikuja kwa sababu kulikuwa kimya."

Alfajiri iliyofuata alijifunga khanga, akashuka mpaka penye mbuni wa mwisho aliopanda marehemu mume wake, mahali ambapo mpaka wa zamani ulipita, akasimama akaita. Hakutukana. Hakutaja mpaka wala dhuluma. Alisalimia.

"Shemeji, umeamkaje? Sisi tumeamka salama. Niko hapa kwetu, penye mbuni wa mwisho aliopanda ndugu yako."

Sasa niambieni. Kwa mila zetu, mtu akikusalimia asubuhi, unaweza kukaa kimya? Hata kama mna kesi naye? Salamu inaitikiwa. Shemeji akaitikia kutoka ndani ya blanketi, "Tumeamka."

Kesho yake tena. "Shemeji, umeamkaje? Niko hapa kwetu, penye mbuni wa mwisho." Naye, "Tumeamka." Kesho kutwa tena. Ikafika asubuhi moja, yule jirani wa mwachie Mungu, yule wa ndoo, akasikia aibu inamwasha. Naye akatoka nje akapaza sauti, "Na mimi nimeamka, mama! Niko kwangu, penye mparachichi!" Na wa chini yake, bibi mmoja mzee ambaye hata kuona haoni vizuri, akasema, "Hata mimi nipo, penye jiwe la mfereji!" Basi ikawa kila alfajiri mbega wakimaliza kule juu, wanaanza watu huku chini. Watoto wakawa wanacheka. Lakini katika kucheka huko, kila mtoto wa mtelemko ule akajua mbuni wa mwisho uko wapi, mparachichi uko wapi, na jiwe liko wapi. Ungehamisha masale usiku na mchana, ungeihamishaje mipaka vichwani mwa watoto?

Shemeji akamjia mama.

"Shemeji, unanitangaza."

"Nakusalimia."

"Unajua unachofanya. Kama kazi za kihamba zimekulemea, ukoo upo. Utatafutiwa mtu wa kukuangalia. Hata hao mbega wako unaowashangaa walikaa kimya mpaka dume lilipokuja."

Mama akafikiri. Maana ni kweli, ndivyo ilivyokuwa. Kisha akasema, "Mbega jike hakupewa ngurumo, shemeji. Mimi nimepewa kinywa. Umeamkaje?"

Yule bwana akaondoka, na kwa mara ya kwanza akapita kando ya kaburi la mdogo wake badala ya kulikwepa kwa mbali. Nadhani hakulala usiku ule. Nadhani tu, kwa sababu ni wangu, nimemtunga, na nisingependa alale.

Jumapili ile, baada ya ibada, akaja kwa mama na wazee wawili, na isale mkononi. Hapa wageni waliotutembelea leo kutoka mjini wasikie vizuri. Huku kwetu mtu akikukosea, hata akikuulia ng'ombe, akija mbele yako na isale, umefungwa. Hukatai. Wazazi wetu walilipa jani lile heshima kubwa, na ni vizuri, limezima moto mwingi mlimani hapa. Wengine huja na jani moja tu. Shemeji hakutaka kuonekana mchoyo. Alitaka msamaha mkubwa, unaolingana na cheo chake kwenye ukoo, kwa hiyo alikata isale zima, shina na kichwa chake, akalishika mbele yake kama fimbo ya askofu.

Mama akalipokea kwa mikono miwili. "Nimesamehe," akasema, na machozi yakamtoka, kwa sababu alikuwa amesamehe. Msidhani ni ujanja. Yule ni shemeji yake, alimbebea mume wake jeneza begani.

Wazee wakashusha pumzi. Mmoja akasema, "Yamekwisha. Yasirudiwe tena." Mama akawaletea kahawa, wakanywa, wakasifu migomba, wakaulizana habari za mvua. Na mtu yeyote ambaye angepita njiani angesema, hapo amani imeingia.

Mama akauliza, taratibu, kama anauliza habari ya sukari kwenye kahawa, "Shemeji, isale hili umelikata wapi?"

"Pale, mpakani."

"Kwenye yale ya zamani au yale ya juzi?"

Wazee wakatazama ndani ya vikombe vyao. Mama akainuka, lile isale liko mkononi bado, akapita nyuma ya jiko, akatoka na jembe. Wakamfuata, wangefanya nini? Akatembea mpaka penye mbuni wa mwisho. Akachimba shimo dogo, akalichomeka isale la shemeji yake, akalishindilia udongo kwa mguu.

"Hapa patalifaa," akasema. "Nimekusamehe, shemeji, na msamaha wako nimeupanda. Hilo moja limeshapata mahali pake. Yale mengine bado."

Akamwachia jembe limesimama pale ardhini, akarudi ndani kuosha vikombe.

Shemeji akasimama. Akatazama mstari wa masale yake, ulivyonyooka vizuri, na lile moja nyuma yake, peke yake, limesimama penye haki. Kisha akavua koti la ibada, akampa mzee mmoja amshikie, akashika mpini.

Mfano wangu unaishia hapo.

Naona mmetabasamu. Mmeridhika. Mwalimu wa kwaya ameshaanza kufungua kitabu, anadhani ninamaliza. Kila mmoja wenu ameshampata shemeji wake, wengine wamekaa naye benchi moja na wamemgusa kwa kiwiko. Subirini kidogo.

Nilisema nimeutunga mfano. Mama nimemtunga. Shemeji nimemtunga. Masale sikuyatunga.

Mwaka jana tulisawazisha uwanja wetu hapo nje, ili mahema ya harusi yatoshe na magari yasigeuzwe kwa shida. Mnakumbuka tulivyofurahi. Ua wetu wa upande wa chini ulikuwa na masale yaliyozeeka, mengine yamekauka. Tukakata mengine tukapanda. Nani aliyashika? Ni vijana wetu, kwa kujitolea, huku tukiwaimbia. Na mkono ukaenda mbele kidogo. Pale panaposimama gari la harusi, palikuwa na magimbi ya mama mmoja mjane wa usharika huu. Mnamjua wote, sitamtaja, hajanipa ruhusa.

Alilalamika mara moja tu, kwa adabu. Na sisi tukafanya nini? Tukaenda kwake. Tulikwenda wengi, tumevaa vizuri. Wazee walikuwepo, kwaya ilikuwepo, mimi mchungaji wenu nilikuwepo, nikaomba sala ndefu. Na tulimpelekea isale. Akalipokea kwa mikono miwili, akasema amesamehe, na mimi niliyekuwa nimesimama karibu naye nawaambia alikuwa amesamehe. Akatupikia chai. Tukanywa. Tukasifu migomba yake. Tukapanda kilima tukirudi huku tunaimba, tukaambiana njia nzima, yamekwisha.

Tulikwenda na isale, wapendwa. Nani kati yetu alibeba jembe?

Mbega anapoingia kwenye mti wa jirani aliyefiwa, anafuata maumbile yake. Hajui isale, hajui msamaha. Ukimya ukimwita anakwenda, na sauti ikimrudisha anarudi, basi. Tusimlaumu. Lakini sisi tunasikia jirani yupo, tunamsalimu kwa jina, tunanywa chai yake, na bado gari la harusi linasimama juu ya magimbi yake. Nani hapo ana akili zaidi? Mbega wa ng'ambo alirudi kwa sauti ya kukwaruza ya mgeni mmoja. Sisi tumeombwa kwa adabu, tukajibu kwa kwaya.

Na sasa nirudi kwenye swali langu la kwanza, maana nilikuwa na sababu. Kila Jumapili asubuhi, tulipokuwa tunapita kwenye ua ule kuja ibadani, mama yule alikuwa anasimama mlangoni kwake anatuita, "Mmeamkaje, watu wa kanisani?" Na sisi tulikuwa tunaitikia tukikimbia, viatu mkononi siku za matope. Mnaikumbuka sauti hiyo? Mmeisikia leo? Mmeisikia Jumapili iliyopita? Mimi nimejiuliza wiki nzima niliisikia lini mara ya mwisho, sikumbuki. Tazameni benchi lililo chini ya dirisha la kushoto, pale mwisho. Nani aliyekuwa anakaa pale? Tumelizoea likiwa wazi, tukaweka vikapu vya mnada juu yake.

Amenyamaza. Hakutukana mtu, hakwenda baraza la kata, hakuhama dhehebu. Amenyamaza tu, na sisi tumelala vizuri, kwa sababu ukimya wa mtu tuliyemkosea unafanana sana na amani.

Basi leo mnada hautafanyika. Jogoo amepona. Majembe yameegemezwa nje kwenye ukuta, mkono wa kulia ukitoka, wahudumu wamenisaidia kuyakusanya asubuhi mkiwa mnashangaa ni ya nini. Asiyeweza kushika jembe atashika koti la mwenzake. Tutashuka pamoja, na masale tutayarudisha mahali ambapo wazee wetu wote hapa wanapajua, wala msijifanye mmesahau, wengine wenu mlicheza pale mkiwa watoto.

Wimbo wa kufunga tutauimba baadaye. Tukifika asiimbe mtu. Tusimame upande wetu wa ule mpaka wa zamani, tumsalimu kwanza, kisha tunyamaze mpaka aitikie.